Mwami Msiri na masasi ya Bunkeya



Kila siku watu wanapita kwenye avenue Msiri hapa Lubumbashi: wanafunzi, bamama wenye kubeba bidhaa, vijana wa moto. Jina wanalijua wote. Wanajua pia kwamba mwenye jina hilo alikuwa mwami mkubwa na kwamba wazungu walimuua. Lakini ukiuliza aliuawa namna gani, kila mtu ana hadithi yake. Mmoja atakuambia masasi hayakumwingia. Mwingine atasema kila mtu aliyebeba kichwa chake alikufa.

Leo tunaeleza maisha yake toka mwanzo mpaka siku ya 20 Desemba 1891. Tutaongeza jambo moja ambalo masomo ya historia yanaliruka: risasi ikishaingia ndani ya mwili wa mtu, inafanya nini? Siku ile, katika boma moja, watu wawili walipigwa risasi kwa dakika chache. Mmoja alikufa palepale. Mwingine alikaa na maumivu mpaka usiku, munganga yuko kando yake na hakuweza kumwokoa. Kuelewa sababu ya tofauti hiyo kunaweza kutusaidia hata leo, maana mu mitaa yetu watu bado wanapigwa risasi, na wengine wanakufa kwa kosa la wale wanaotaka kuwasaidia.

Mtoto wa mfanyabiashara ya shaba

Msiri alizaliwa karibu na mwaka wa 1830 upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, kati ya Wasumbwa. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa. Baba yake Kalasa alikuwa mtu wa misafara: alivuka Tanganyika na Luapula kuja kutafuta shaba ya Katanga, ile iliyoyeyushwa na kufanywa misalaba. Kijana alifuata njia ya baba. Kisha, mnamo miaka ya 1850, alikuja akabaki.

Wazee wa Kiyeke wanasimulia kwamba watu wake walikuja na mambo mawili ambayo wenyeji walikuwa hawana. La kwanza ni dawa ya kuchanja ndui, ugonjwa uliokuwa ukimaliza vijiji. La pili ni bunduki. Dawa ilileta urafiki, bunduki ilileta heshima na woga. Msiri alisaidia wakubwa wa Wasanga katika vita vyao na Waluba, na kila msaada ulimwachia ardhi kidogo, watu kidogo, sauti kidogo zaidi. Wakubwa wa zamani walipokufa, yeye njo alibaki na nguvu. Hata Kazembe wa Luapula, aliyekuwa akikula ushuru wa nchi hii, hakuweza kumrudisha nyuma.

Njo vile ufalme wa Garenganze ulizaliwa. Mji wake mkubwa ukawa Bunkeya, na watu wake wakaitwa Wayeke.

Ufalme uliosimama juu ya baruti

Angalia vizuri karata ya Afrika. Bunkeya iko katikati, mbali na bahari zote mbili. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa shida. Msiri aliifanya kuwa mali. Upande wa mashariki alifanya biashara na misafara ya Waswahili na Waarabu kuelekea Zanzibar. Upande wa magharibi alifungua njia ya Bihe na Benguela, ku Angola. Alioa pande zote pia: kati ya wake zake wengi mmoja wenye sifa alikuwa Maria de Fonseca, aliyetoka upande wa Angola. Ndoa ilikuwa mkataba, na mkataba ulikuwa njia ya msafara.

Kutoka Bunkeya zilitoka pembe za ndovu, shaba, chumvi na, tuseme ukweli, watumwa. Kuingia Bunkeya ziliingia nguo, ushanga, na zaidi ya yote bunduki na baruti. Bila baruti hakuna uwindaji wa ndovu, bila ndovu hakuna pembe, bila pembe hakuna baruti. Ufalme wote ulizunguka ndani ya hiyo duara.

Hatutaki kumfanya malaika. Misionari Frederick Stanley Arnot, Mscotland aliyefika Bunkeya mwezi wa pili 1886, alikuta mafuvu ya watu yamepandishwa juu ya miti ya boma. Msiri alikuwa mkali, na Wasanga walioonja ukali huo waliasi. Lakini Arnot yuleyule alikaa kwake bila kuguswa. Mwami alipokea wageni, akawasikiliza, akawapima. Hakuwa mjinga.

Bunduki za nani, risasi za namna gani

Hapa tusimame kidogo juu ya zile bunduki, maana ndani yake kuna siri ya kifo chake.

Bunduki nyingi za Wayeke zilikuwa magobori. Unamwaga baruti kwa mdomo wa bunduki, unashindilia, unatia risasi, unashindilia tena. Risasi yenyewe ni mpira wa madini ya risasi, au kipande cha chuma au cha shaba. Inatoka pole kuliko ya bunduki ya kisasa, na ikienda mbali inachoka mbio. Lakini kwa karibu ni kitu kibaya sana. Ni kubwa, ni laini, ikigonga mfupa inatandazika. Na kwa kupita inasukuma ndani ya mwili kipande cha nguo, uchafu, manyoya, kila kitu ilichokikuta kwenye ngozi.

Wazungu wakati ule walikuwa wamefika mbali. Ufaransa ilianza mwaka wa 1886 kutumia bunduki ya Lebel, yenye risasi ndogo, ngumu na ya mbio sana. Na huko Ulaya munganga mmoja wa Uswisi, Theodor Kocher, ambaye mwaka wa 1909 atapata tuzo ya Nobel, alikuwa akijiuliza swali letu la leo. Alipiga risasi ndani ya makopo yaliyojaa maji. Kopo tupu linapata tundu mbili tu, pa kuingilia na pa kutokea. Kopo lenye maji linapasuka. Kwa nini? Maji hayabonyezeki. Risasi ikiingia kwa mbio inayasukuma pembeni, na maji yanasukuma kuta.

Mwili wa mtu, kwa sehemu kubwa, ni maji. Risasi ikipita, inafanya tundu mbili kwa mara moja. Ya kwanza ni njia yake yenyewe, nyama iliyochanika na inayobaki imechanika. Ya pili ni uwazi mkubwa zaidi unaofunguka kuzunguka ile njia na kujifunga tena kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mapafu yako sawa na eponji, yanavumilia kidogo. Ini halivumilii: ni zito, linapasuka. Mfupa ukivunjika, vipande vyake navyo vinakuwa masasi. Na risasi ndefu ya kisasa haiendi kila mara moja kwa moja. Ndani ya nyama inaweza kugeuka, kwenda kwa ubavu, hata kuvunjika vipande. Njo maana tundu la kuingilia linaweza kuwa sawa na kidole na tundu la kutokea likawa sawa na ngumi.

Mbio ndiyo inayohesabiwa zaidi. Ukiongeza uzito wa risasi mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara mbili. Ukiongeza mbio mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne.

Wakubwa wa dunia walilijua jambo hilo. Katika mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890, ulioandikwa kwa jina la kupinga utumwa, mataifa ya Ulaya yalikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digri 20 kaskazini mpaka digri 22 kusini. Magobori ya jiwe na baruti ya kawaida yaliachiwa nafasi, chini ya ulinzi. Kwa maneno mengine, ilikwisha kuamuliwa mezani, mbali na Bunkeya, ni risasi gani itatoka upande gani.

Mwaka wa wageni wengi

Mwezi wa 11 mwaka wa 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika kutafuta sahihi ya Msiri kwa ajili ya kampani ya Cecil Rhodes. Alirudi mikono mitupu. Mwezi wa 4 mwaka wa 1891 akaja Paul Le Marinel kwa upande wa mfalme Leopold II, aliyekuwa akiita Katanga mali ya Leta yake ya Congo. Kisha akaja Alexandre Delcommune. Wote Msiri aliwapa majibu ya kuzunguka. Alitaka urafiki na biashara, hasa baruti, ambayo ilikuwa imekuwa haba wakati vita vya Wasanga vinamkaza. Hakutaka bendera.

Tarehe 14 Desemba 1891 ulifika msafara wa nne, uliotoka pwani ya Bagamoyo. Kiongozi wake alikuwa kapiteni William Stairs, Mkanada wa Halifax aliyetumikia Leopold. Pamoja naye walikuwako Omer Bodson, Mbelgiji. Marquis Christian de Bonchamps, Mfaransa. Munganga Joseph Moloney. Na fundi wa mbao Thomas Robinson. Lakini watu mamia waliobeba mizigo na bunduki walikuwa Waafrika, wengi wao wenye kusema Kiswahili. Tusiwasahau. Bila wao Stairs asingefika popote.

Stairs mwenyewe alijua kitu kigeni kikibaki ndani ya mwili kinakuwa namna gani. Mwezi wa 8 mwaka wa 1887, alipokuwa na Stanley katika pori la Ituri, mshale wa sumu ulimchoma kifuani na ncha yake ikavunjikia ndani. Munganga Parke alifyonza kidonda, Stairs akapona, akatembea na ile ncha zaidi ya mwaka mzima kabla haijatolewa.

Siku ya 20 Desemba

Stairs alimkaza Msiri akubali bendera ya Leopold. Mwami alikataa. Tarehe 19 Stairs alipandisha bendera bila ruhusa yake. Usiku ule Msiri aliondoka Bunkeya, akaenda kijiji cha karibu, Munema.

Kesho yake Stairs alituma Bodson na Bonchamps pamoja na askari karibu mia moja wamlete Mwami. Bonchamps alibaki nje. Bodson aliingia bomani na watu wachache tu. Wazungu waliandika kwamba Msiri alikasirika, akashika upanga, na wapiganaji wake wakainua bunduki. Bodson akatoa bastola na kumpiga Mwami. Papo hapo Masuka, mwana wa Msiri, akampiga Bodson.

Msiri alianguka na kufa palepale. Sasa ona. Risasi ya bastola ya wakati ule haikuwa na mbio kubwa. Haipasui mwili sawa na kopo la Kocher. Nguvu yake yote iko kwenye fasi inayoigusa. Risasi ya namna hiyo inaua palepale ikipata moyo, mshipa mkubwa wa damu au ubongo. Ikipita pembeni kwa upana wa vidole viwili tu, mtu anaweza kuishi miaka. Hakuna uchawi ndani, wala hakuna dawa ya kuizuia. Ni fasi tu.

Bodson alipigwa tumboni. Tumbo ni jambo lingine. Ndani yake kuna utumbo mrefu uliokunjwa-kunjwa, na risasi moja inaweza kuutoboa mara nyingi. Kuna damu inayovuja ndani bila kuonekana nje. Na vyote vilivyomo ndani ya utumbo vinamwagika pale ambapo vijidudu havitakiwi kamwe. Anayepona damu anangojwa na kuoza kwa tumbo siku chache baadaye. Kitu kimoja tu kinaweza kumsaidia: kufunguliwa tumbo na munganga mwenye mikono safi, na kushonwa tundu moja moja. Huko Marekani George Goodfellow alikuwa amekwisha kujaribu kazi hiyo katika miaka ya 1880. Lakini Moloney alikuwa mu kambi, katikati ya vita na njaa. Rontgeni atagundua picha yake ya mifupa mwaka wa 1895, miaka minne baadaye. Dawa za kuua vijidudu ndani ya damu zitakuja karibu miaka 50 baadaye. Bodson alikufa usiku wa siku ileile.

Kidole kinachoua

Mtu anaweza kufikiri kwamba angekuwa mkubwa, katika mji mkubwa, angepona. Hapana. Miaka kumi mbele, tarehe 2 Julai 1881, rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi mgongoni. Haikupata moyo. Ingeweza kubaki ndani, akaishi nayo. Lakini waganga wake walitia vidole na vyuma visivyosafishwa ndani ya kidonda, siku kwa siku, wakitafuta risasi. Hata Alexander Graham Bell alikuja na mashine yake ya kutafuta chuma. Walitafuta fasi isiyo yake. Garfield alioza toka ndani na akafa tarehe 19 Septemba, siku 79 baadaye.

Hili ni somo ambalo watu wengi hawalikubali mpaka leo. Tunadhani ubaya ni ile risasi, na ikitolewa mtu amepona. Kumbe risasi ikikwisha kusimama, kazi yake mbaya imekwisha. Ubaya ni njia iliyoifungua: damu inayotoka na uchafu ulioingia. Wengine wanasema risasi ni ya moto, basi imejisafisha. Si kweli. Inaingia na vijidudu vya nguo na vya ngozi. Waganga mara nyingi wanaiacha ndani kwa makusudi. Wanaitoa ikiwa kwenye kiungo, sawa na goti, ambapo madini yake yanaweza kutia sumu polepole, au ikiwa inabana kitu cha lazima.

Kilichobaki cha Mwami

Baada ya Msiri kufa, kichwa chake kilikatwa na kupandishwa juu ya mti, ili watu waone. Bonchamps mwenyewe aliandika habari hiyo. Mtu aliyesimamisha mafuvu kwenye boma lake alipata yaleyale, kwa mikono ya wale waliojiita waleta ustaarabu. Masimulizi ya kwetu yanasema kichwa kilibebwa mbali na kikaua kila aliyekibeba. Ni kweli kwamba kiongozi wa msafara hakukaa: Stairs alikufa kwa homa ku Chinde, pwani ya Msumbiji, mwezi wa 6 mwaka wa 1892, akiwa na miaka 28 tu. Watu waliona ndani yake mkono wa Mwami. Munganga angeona malaria.

Mwana wake Mukanda Bantu alikubaliwa na Leta kuwa mwami baada yake, na akaisaidia kupigana na Wasanga. Miaka 19 baada ya kile kifo, mwaka wa 1910, mji wa Elisabethville ulianza kujengwa juu ya shaba ileile ambayo Kalasa aliifuata kwa miguu. Njo mji wetu huu. Na Wayeke mpaka leo wanakumbuka tarehe 20 Desemba ku Bunkeya, ambako ukoo wa Msiri bado unakalia kiti.

Kabla ya kuagana

Msiri alikuwa na hekima ya kusoma wageni wanne wa Ulaya kwa mwaka mmoja na kuwakatalia wote. Lakini ufalme aliujenga juu ya baruti, na mwenye kujenga juu ya baruti hawezi kuchagua ni nani atawasha. Bodson aliingia bomani na bastola moja, akadhani inatosha. Wote wawili walilala chini siku moja.

Basi wapendwa, mtu akipigwa risasi mu quartier, kumbukeni Bodson na Garfield. Usitafute risasi. Usitie kidole, kisu, majani wala petroli ndani ya kidonda. Kwanza hakikisha masasi yamenyamaza, usije ukaanguka na wewe. Kisha chukua nguo safi, bonyeza kwa nguvu fasi inayotoa damu, wala usiachie kila dakika kuchungulia. Geuza mtu polepole, tafuta tundu la pili, maana mara nyingi liko nyuma. Kama ni mkono au mguu na damu haikamatiki, funga kwa nguvu juu ya kidonda na andika saa uliyofunga. Kama utumbo umetoka, usiurudishe: ufunike na nguo safi iliyolowa maji safi. Usimpe chakula wala maji, hata akilia kiu. Mfunike asipate baridi, na mbio lopitali. Kumbusha munganga habari ya chanjo ya pepopunda.

Tundu dogo lisikudanganye. Mtu anaweza kusimama, kusema, hata kucheka, na damu inajaa tumboni pole pole. Wacha munganga njo aseme kama si kitu.

 Na wewe mwenye mzee wa Kiyeke au wa Kisanga ku nyumba, muulize jioni hii: yeye alisikia siku ya Munema namna gani?